Mazalia ya Halaiki: Juu ya Jina la Mahali Wanapozaliana Ndege na Sili

Katika zoezi moja la tafsiri tuliwapa wanafunzi wetu aya ya Kifaransa iliyohusu sili wa pwani ya Namibia. Mwandishi wa aya hiyo alitumia neno « colonie » mara nne. Mwanafunzi mmoja akaandika: « Koloni kubwa la sili liko Cape Cross. » Aliposoma tafsiri yake kwa sauti, darasa zima likacheka, na sauti ikasikika kutoka nyuma: « Na gavana wao ni nani? » Kicheko kilipotulia tuliwaomba watupatie neno lililo bora. Hakuna aliyelipata, na sisi wenyewe, tukiri bila haya, hatukuwa nalo. Makala haya ni jibu tulilowaahidi siku hiyo.

1. Kitu chenyewe

Si vema kutafuta jina la kitu kabla ya kukijua. Cape Cross ni rasi katika pwani kavu ya Namibia, na jina lake latokana na msalaba wa mawe uliosimamishwa hapo mwaka 1486 na Mreno Diogo Cão, yule yule aliyefika kwenye mlango wa mto Kongo miaka michache kabla yake. Hapo huishi sili wa manyoya wa kusini mwa Afrika. Sehemu kubwa ya maisha yao hupita baharini, wakivua samaki. Lakini sili, tofauti na nyangumi, hawezi kuzaa majini. Hana budi kupanda nchi kavu, au juu ya barafu kwa wale wa nchi za baridi. Basi kila mwaka, kuanzia mwezi wa kumi, madume makubwa hufika kwanza na kugombania vipande vya ufuko. Majike hufuata. Katika Novemba na Desemba kila jike huzaa mtoto mmoja, na siku chache baadaye hupandwa tena. Wakati huo idadi ya wanyama mahali hapo huweza kufika laki mbili.

Kelele ni kubwa, na uvundo hauelezeki. Jambo la ajabu ni kwamba mama huenda baharini kwa siku kadhaa kutafuta chakula, kisha hurudi katika msongamano ule na kumpata mtoto wake yule yule, kwanza kwa sauti, halafu kwa harufu. Asiye wake humfukuza, hata akilia kwa njaa. Mbweha na fisi wa kahawia huzunguka pembeni wakimngoja mtoto aliyepotea.

Kwa nini basi kukaa pamoja kwa shida namna hiyo? Wataalamu hutoa sababu kadhaa, na inaonekana kwamba hakuna iliyo sahihi peke yake. Mahali penye usalama karibu na chakula kingi ni pachache: kisiwa kisicho na mnyama mla nyama, jabali lisilopandika, mti uliozungukwa na maji. Wote wanaopahitaji hupakimbilia. Tena, wakizaa wote katika majuma machache, adui hula akashiba, na watoto waliobaki ni wengi kuliko tumbo lake. Macho mengi humwona mwewe mapema kuliko macho mawili. Lakini ujirani huo una gharama yake: kupe na viroboto, wizi, watoto kukanyagwa, na zaidi ya yote ugonjwa. Mwaka 2023 homa ya mafua ya ndege iliingia katika sili-tembo wa rasi ya Valdés huko Ajentina, na katika msimu mmoja tu watoto zaidi ya 17,000 wakafa, yaani karibu wote waliozaliwa. Walio pamoja huokoka pamoja na kufa pamoja.

Kitu tunachokitafutia jina, basi, kina sifa tatu: ni mahali, hapo viumbe hukusanyika kwa wingi ili wazaliane, nao hurudi hapo msimu baada ya msimu, mara nyingi wakiwa ni wale wale waliozaliwa papo hapo. Sifa hii ya tatu tutairudia, maana ndiyo inayoamua kesi.

2. Wengine wamepaitaje?

Waingereza hupaita « rookery ». Asili ya neno hilo ni kunguru mmoja wa Ulaya aitwaye « rook », mweusi, mwenye ngozi tupu nyeupe kwenye mzizi wa mdomo. Ndege hao hujenga viota makumi kwa mamia juu ya miti mirefu ile ile, na huibiana vijiti bila aibu. Jina la mahali pao lilikuwa tayari likitumika katika karne ya 18. Kisha mabaharia na wawindaji wakalichukua hadi kwenye visiwa vya mbali na kuwapa pengwini, sili, hata kasa. Nao watu wa mijini wakalichukua upande mwingine: mitaa ya maskini ya London, nyumba juu ya nyumba na familia juu ya familia, ikaitwa kwa jina hilo hilo la kunguru, na mwaka 1850 Thomas Beames akachapisha kitabu kizima juu ya mitaa hiyo. Hivyo neno moja limebeba kunguru, sili na maskini. Na Kiingereza hakikuishia hapo. Sili dume huitwa ng'ombe dume, jike huitwa ng'ombe jike, mtoto wao huitwa mbwa mdogo, na kwao ni kwa kunguru! Atakayesema kwamba lugha za sayansi zina mantiki kuliko zetu, tumwonyeshe ukoo huo.

Wafaransa wana njia nyingine. Kwa kiambishi kimoja cha mwisho wanatunga jina la mahali kwa kila ndege: « héronnière » ni pa korongo, « manchotière » ni pa pengwini. Wahispania hufanya vivyo hivyo. Sili wa manyoya na simba wa bahari kwao ni « mbwa-mwitu wa bahari », na mahali pao ni « lobería ». Waholanzi humwita sili « rob », na ndiyo maana kisiwa alichofungwa Mandela kinaitwa Robben, yaani kisiwa cha sili. (Pengwini nao walirudi kuzaa kisiwani humo mwaka 1983, wafungwa wangalimo.) Warusi hawakujali jina la mnyama. Mahali pa sili hupaita « lezhbishche », kutokana na kitenzi cha kulala chini, kana kwamba sisi tungesema « malalo ». Majabali wanapotaga ndege wa bahari huyaita « soko la ndege », na neno walilotumia ni « bazar » ya Kiajemi, ambayo sisi pia tunayo kama bazaari. Wanorwei husema tu « mlima wa ndege ».

Twaona kwamba kila watu walishika upande mmoja wa kitu: mnyama, tendo, kelele au jiwe. Hakuna aliyekosea, lakini hakuna aliyekimaliza.

3. Koloni

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Kosa lake si la uvivu. « Koloni » limo katika vitabu vya biolojia vya Kiswahili, hasa kwa bakteria, na neno la Kilatini lililo asili yake halikuwa na ubaya: mzizi wake ni kulima, na « colonus » alikuwa mkulima. Lakini neno huishi kwa watu, haliishi katika kamusi ya Kilatini. Nchini petu neno hili lina tarehe. Kutoka mwaka 1908 mpaka 1960 nchi yetu iliitwa koloni la Ubelgiji, na hata leo mzee akisema « wakati wa koloni » hahitaji kueleza zaidi. Darasa halikucheka bure.

Hata hivyo kicheko si hoja. Wapo watakaosema kwamba neno laweza kuwa na maana mbili, na kwamba Wafaransa hawacheki. Hoja yetu ni nyingine: neno hilo hapa linasema kinyume cha jambo lenyewe. Koloni huanzishwa na mtu anayetoka alikozaliwa kwenda kukaa asikozaliwa. Sili hufanya kinyume: hutoka katika bahari kuu, ambako angeweza kwenda popote, akarudi alikozaliwa.

Mfano ulio wazi kabisa ni visiwa vya Pribilof, katika bahari ya Bering. Havikuwa na wakazi Mrusi Gavriil Pribylov alipovifikia mwaka 1786, akifuata sili wa manyoya ambao huzaliana huko kwa wingi kupita mahali pengine popote kaskazini. Warusi waliwachukua Waunangan kutoka visiwa vya Aleut na kuwahamishia huko wawachinje sili na kuwachuna ngozi. Mwaka 1867 Marekani ilinunua Alaska yote, visiwa hivyo vikiwemo, na kazi ikaendelea chini ya bwana mpya. Basi mtu akituuliza koloni la Pribilof lilikuwa lipi, tutamjibu kwamba lilikuwa katika nyumba za watu, si kwenye ufuko. Wenye kwao walikuwa sili.

4. Tulichonacho nyumbani

Tukiacha koloni, Kiswahili kina maneno kadhaa yaliyo tayari. « Kundi » halitoshi, maana sili mia wakiogelea baharini ni kundi pia, na mahali hapatajwi. « Kijiji cha ndege » chapendeza, na mtu akitazama mnazi au mchikichi uliojaa viota vya mnana katikati ya kijiji cha watu ataona kwamba kufananisha huko si vibaya. Lakini kitabu cha sayansi kikisema « kijiji cha sili » msomaji atadhani ni hadithi ya watoto. « Mahali pa viota » panafaa kwa mnana na mnandi, ila sili hana kiota. Wala si sili peke yake: pengwini mkubwa wa Antaktika hajengi chochote, bali hulibeba yai lake juu ya miguu, akilifunika kwa mkunjo wa ngozi, katika giza la majira ya baridi. « Matagio », kutoka kutaga, lingefaa ndege wote na kasa, lakini lingemwacha nje sili, naye ndiye aliyetuletea swali.

« Malalo » lina hatari yake. Ndege wengi hulala pamoja pasipo kuzaliana hapo. Mbayuwayu wa Ulaya hukimbia baridi na kuja kwetu, wakalala katika matete kwa maelfu. Asubuhi hutawanyika, na hawataga yai hata moja katika Afrika yetu. Mtu akiita malalo yao kwa jina la mahali pa kuzaa amewadanganya wanafunzi. Maneno mawili yanahitajika, na « malalo » libaki kwa hili la kulala.

Limebaki shina la kuzaa. Je, ndege huzaa? Kwa maana finyu, hapana. Hutaga na kuatamia. Lakini Kiswahili hakikulifinya shina hili. Mwembe huzaa, mgomba huzaa, fedha ikiwekezwa huzaa. Kuzaliana ni kuongezeka kwa kiumbe chochote. Tena ni shina letu sote. Pwani imeangusha sauti l katika « kuzaa », lakini sauti hiyo hujitokeza tena katika « zalia », « mzaliwa », « uzalishaji ». Huku Lubumbashi haikuanguka kamwe: mtu husema « alizala mutoto », na jirani yake Mbemba husema « ukufyala », ambalo ni shina lile lile katika vazi jingine, kama vile « ukuzala » ya Wazulu. Mara chache neno la kitaalamu hupatikana ambalo mwalimu wa Zanzibar na mama muuzaji wa soko la Kenya, hapa mjini, watalitambua mzizi wake bila kufundishwa.

Je, tuseme « mazalio »? Umbo lake ni zuri, kama makimbilio. Ila « zalio » limekwisha kuwa jina la kondo la nyuma, na hatuoni faida ya kuwachanganya wakunga. « Mazalia » ndilo lililo huru zaidi, na tayari lina kazi. Nchini Tanzania husemwa « mazalia ya samaki » kwa sehemu za ziwa au bahari ambazo wavuvi hukatazwa kutupa nyavu, na « mazalia ya mbu » kwa madimbwi na makopo yenye maji. Wapo watakaosema kwamba neno limeingia uchafu kwa sababu ya mbu. Sisi twasema lina bahati kuwa na kazi mbili za kweli kabla halijafika kwa wanachuo.

Upungufu wake ni mmoja: mazalia ya mbu si lazima yawe na mkusanyiko. Kwa hiyo twapendekeza « mazalia ya halaiki » pale kitu kinapotajwa kwa mara ya kwanza, na baadaye « mazalia » tu, au « mazalioni », la, samahani, « mazaliani ». Msomaji ataona kwamba hata mtunzi wa neno huteleza. Wanyama waliopo huitwa « halaiki ya mazaliani ». Kwa njia hiyo mahali hupata jina moja na wakaao hapo jingine, jambo ambalo « rookery » na « colonie » hazikuliweza.

5. Mahali na wakaao

Tofauti hiyo si uchambuzi wa bure. Katika karne ya 19 wawindaji walianza kuwaua sili wa Pribilof baharini, mbali na visiwa. Marekani ilidai kwamba sili hao ni mali yake hata wakiwa katika bahari kuu. Baraza la usuluhishi lililokaa Paris mwaka 1893 likakataa dai hilo. Kisheria baraza lilikuwa na sababu zake. Lakini wengi wa waliouawa baharini walikuwa majike walioacha watoto ufukoni ili wakatafute chakula, na kwa kila ngozi iliyouzwa mtoto mmoja alikufa kwa njaa mahali ambapo hakuna risasi iliyopigwa. Mwaka 1911 Marekani, Uingereza, Urusi na Japani zilikubaliana kukomesha uwindaji wa baharini, na halaiki ikaanza kuongezeka tena. Mazalia yalikuwa hayajaguswa. Halaiki ndiyo iliyokuwa ikimalizwa.

Upande wa Afrika mambo yalikwenda kinyume. Katika kisiwa cha Ichaboe, pwani ya Namibia, mavi ya ndege yalikuwa yamerundikana kwa karne nyingi. Kati ya 1843 na 1845 mamia ya merikebu yalikuja kuyachimba yawe mbolea ya mashamba ya Ulaya, mpaka mwamba ukaonekana. Mavi hayo ndiyo pengwini wa Afrika waliyochimba mashimo ndani yake ili kuficha mayai. Visiwa vilipokwanguliwa, kimoja baada ya kingine, pengwini wakabaki kutaga juani, mbele ya macho ya shakwe. Si ndege wenyewe waliotafutwa. Ni mazalia yaliyobebwa melini. Mayai pia yaliokotwa kwa kuuzwa mpaka miaka ya 1960, na baadaye samaki wakapungua. Mwaka 2024 pengwini huyu aliwekwa katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini, jozi zilizobaki zikiwa chini ya 10,000.

Na mazalia si lazima yawe imara kama mwamba. Heroe wadogo, ambao wengi huwaita flamingo, huzaliana hasa katika ziwa Natron, Tanzania, juu ya vichuguu vya tope katikati ya magadi yenye kuunguza. Leslie Brown alipojaribu kuwafikia kwa miguu katika miaka ya 1950 alirudi na miguu iliyoungua vibaya. Mwaka 1962 maji yalifurika Natron, na heroe wakahamia ziwa Magadi, Kenya. Huko magadi yaliganda miguuni mwa makinda kama pingu, na watu wakaingia ziwani kuyavunja kwa mikono. Baadaye halaiki ilirudi Natron. Kwa hiyo tunapofundisha kwamba viumbe hawa hurudi, tuongeze kwamba hurudi mahali panaporuhusu.

Mfano wa mwisho ni wa kwetu, na hauna sili. Katika mto Kongo na mto Ubangi kuna mbayuwayu wa mto, ndege mweusi mwenye kung'aa, mdomo na macho mekundu. Maji yanapopungua, kati ya Januari na Aprili, mafungu ya mchanga hujitokeza katikati ya mto, na ndege hao huchimba humo mashimo marefu, mamia kwa mamia, kila jozi na lake. Wakazi wa huko, ambao wengi husema Kilingala, huwajua vizuri, kwa maana huwakamata kwa chakula. Kisha mto hujaa, na mchanga wote huzama. Mwanafunzi aliyeuliza habari ya gavana aliposikia mfano huu aliuliza jambo la maana zaidi: mto ukijaa, mazalia yako wapi? Tulimjibu kwa neno la wafugaji. Malisho huitwa malisho hata ng'ombe wakiwa zizini. Fungu la mchanga lililo chini ya mita mbili za maji mwezi wa kumi na moja ni mazalia vile vile, na mwenye kutaka kuchota mchanga wake kwa ujenzi asiambiwe kwamba hapo hapana ndege.